Betri za Tela la Ulyankulu

Mwaka ule wa sabini na nne, mtu akitajwa kwa neno hujuma, majirani walianza kupita upande wa pili wa barabara. Nurbanu binti Kurban alilijua hilo. Kwa hiyo Ndugu Shomari, afisa wa magari, alipoingia dukani kwake mjini Tabora na kulitamka neno hilo mbele ya wateja, aliweka koleo chini na kumkabili.

Duka la kuchaji betri lilikuwa la baba yake. Nyumba ilikwisha taifishwa, wakaachiwa chumba cha mbele cha kazi na kile cha nyuma alimolala mzee Kurban, upande mmoja wa mwili umepooza. Kaka zake Nurbanu walikwenda zao Karachi. Alibaki yeye, na kanga zake zilizotobolewa na asidi, na hapakuwa na dereva aliyeweza kumdanganya kuhusu betri.

Shomari alikuwa ameleta betri mbili za tela la zahanati. Tela hilo lilikuwa kijumba cha bati chenye magurudumu mawili, kilichotengenezwa Ulaya kwa watu wanaopenda kulala porini, kisha wafadhili wakakitoa kwa ajili ya wagonjwa. Ndani mlikuwa na kitanda cha kujifungulia, taa nne na jokofu dogo la chanjo. Kila mwezi Land Rover ililivuta mpaka Ulyankulu, kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi, likakaa huko siku kumi bila umeme mwingine wowote. Betri zilitakiwa kujaa zenyewe njiani, gari likivuta. Hazikujaa. Safari iliyopita taa zilizimika wakati mama mmoja yuko kitandani anatoka damu, akafa kabla kandili haijapatikana.

Dereva, Masolwa, alikuwa ameandika kwamba yule Mhindi anazijaza betri maji ya kisima, yenye chumvi inayoziua.

Nurbanu alisema betri hutoka kwake zimejaa, na yanayozipata barabarani yeye hayajui.

“Basi utakwenda ukayajue,” Shomari alisema. “Zikifa tena, wewe hutarudi kwenye duka hili.”

Alimwachia jirani yake Swaumu kazi ya kumlisha mzee, akachukua mita ya kupimia volti, koleo, na zile nyaya nene za baba yake za kuwashia gari lililokufa betri. Asubuhi alimsalimu muuguzi, Mama Bernadeta, aliyekuwa amekaa mbele karibu na dereva. Alimpa shikamoo yake. Mama Bernadeta aligeukia dirishani. Nurbanu akapanda nyuma, kati ya maboksi ya dawa.

Walishika njia ya zamani ya misafara, vumbi jekundu likiingia kila penye tundu. Masolwa alizungumza njia nzima kwa sauti ya kusikiwa nyuma, juu ya watu walionyonya nchi hii na sasa, baada ya kunyang'anywa mirija, wanaua. Bernadeta alitazama barabara. Mara moja tu aligeuka.

“Alikuwa na miaka kumi na tisa,” alimwambia Nurbanu. “Nilikuwa nimemshika na sioni ninachofanya. Ulijue hilo.”

Waliposimama kwenye kijito ili rejeta iongezwe maji, Nurbanu alishuka na kuomba injini isizimwe. Masolwa alimzuia mlangoni, akisema gari ni mali ya umma na hataki lichezewe. Bernadeta akamwambia amwache apime, ili baadaye asipate cha kusingizia.

Mbele, kwenye betri ya gari, mshale wa mita ulipita volti kumi na nne, dalili kwamba inajaa. Nyuma, kwenye betri za tela, haukufika hata kumi na mbili. Nurbanu alirudia mara tatu. Kisha akalala chali vumbini, akapapasa chini ya gari kutoka mbele kwenda nyuma, mpaka vidole vyake vilipokuta fundo lililozungushiwa mpira wa baiskeli. Kuanzia hapo waya mnene ulikuwa umekwisha, na uliofuata ulikuwa mwembamba kama utepe wa kofia.

Alitoka, akamwita Bernadeta, akauonyesha.

“Huu ni waya wa spika ya redio,” alisema. “Umeme unatoka kwenye injini lakini unaishia njiani. Kidogo kinachofika, jokofu linakimaliza. Hata mkilivuta tela mpaka Kigoma, betri hazitajaa.”

Bernadeta alimgeukia Masolwa. “Nani aliufunga?”

Masolwa alivua kofia, akaivaa tena. Alisema waya wa zamani uligusa bomba la moshi wakati wa masika, ukaungua. Mwenzake mmoja alikuwa amewekwa ndani kwa kuvunja taa tu ya gari la serikali. Akatafuta waya wowote.

“Nina watoto saba,” alisema. “Ningekwenda kusema nini?”

“Ukaenda kusema maji ya kisima,” Bernadeta alimjibu.

Nurbanu hakuona furaha yoyote. Aliona hasira imempanda mpaka masikioni, na kwa dakika nzima aliwaza kurudi mjini kwa miguu, wajue wenyewe na giza lao. Kisha akatoa nyaya za baba yake. Alizikata vichwa, akaziunga ziwe waya mmoja, akaupitisha mbali na bomba la moshi. Waya wa hasi ulikuwa mzima, ila maungio yake yalikuwa na kutu, akayakwangua mpaka chuma kikang'aa. Alimwamuru Masolwa ashike hapa, avute pale, naye akafanya. Injini ilipowashwa, mshale wa nyuma ulipanda mpaka kumi na tatu na nusu.

Walipofika Ulyankulu, Nurbanu aliweka masharti. Taa iwashwe moja, si nne. Gari likizimwa, waya wa tela uchomolewe, la sivyo tela litainyonya na betri ya gari pia. Jokofu lizimwe jioni na lisifunguliwe mpaka asubuhi, injini iungurume kwa muda wa saa moja kila kukicha, hata kama mafuta ni ya mgawo. Siku kumi taa haikuzimika, na watoto sita walizaliwa mbele yake.

Lakini habari ya Mhindi aliyeharibu betri ilikuwa imemtangulia. Siku ya nne mwanamke mmoja, mama wa yule marehemu, alimtemea mate miguuni mbele ya foleni nzima. Bernadeta aliona. Akaita mgonjwa aliyefuata.

Waliporudi Tabora, Masolwa alieleza kwamba yeye ndiye aliyegundua ubovu wa waya. Bernadeta alieleza yaliyotokea, kwa maneno machache, na Masolwa akasimamishwa kazi. Shomari alimwambia Nurbanu kwamba yamekwisha, nyaya zibaki kwenye tela, na betri ataletewa kama kawaida.

Nurbanu alisema hazipokei mpaka iandikwe barua yenye muhuri, isomwe mbele ya watu wa Ulyankulu, kwamba betri hazikuharibiwa kwake. Shomari akamwambia serikali haijielezi kwa muuza duka. Siku ya safari ikapita, tela likalala uani wiki tatu. Hakuna mtu mwingine mjini aliyekuwa na mtambo wa kuchajia.

Wiki ya nne Bernadeta alikuja dukani akiwa amebeba betri moja mwenyewe, barua ameishika mkono wa pili.

“Nitaisoma mimi,” alisema. “Lakini ujue, wiki tatu hizi wamejifungulia chini, kwa kandili. Mmoja amepoteza mtoto. Sikusamehe hilo.”

Nyuma ya pazia mzee Kurban alikohoa. Nurbanu aliichukua barua, akaisoma mpaka kwenye muhuri, akamrudishia.

“Wala mimi sikusamehe siku zile kumi, ulipoujua ukweli ukaniacha nitemewe mate,” alisema. “Isome kwa sauti.”

Akaipokea betri, akafungua vifuniko vya seli kimoja kimoja, akaanza kuongeza maji.