Chatu wa Nyuma ya Tanuru

Marie-Louise alikuwa mwoka mikate wa mtaa wa Mabanga, mjini Goma, na nyuma ya tanuru lake alifuga chatu. Si kwamba alimtaka. Mumewe, Kambere, mfanyabiashara wa Butembo aliyezoea safari ndefu, alimleta kutoka njia ya Walikale akiwa mdogo wa kutosha ndani ya ndoo, akasema atamuuza, kisha hakumuuza. Goma ina baridi, na nyoka asiyepata joto hata chakula hakimshuki. Kwa hiyo Kambere alijenga chumba kidogo cha mawe meusi ya volkano, kikaegemea ukuta wa tanuru. Halafu homa ikamchukua Kambere katika juma moja, na mjane akabaki na binti yake Daniella, na tanuru, na kile kiumbe kirefu kilichokuwa kikilala upande wa pili wa ukuta kama mpangaji asiye na maneno.

Ulikuwa mwaka wa tisini na sita. Kambi za wakimbizi wa Rwanda zilikuwa zimeuzunguka mji tangu miaka miwili nyuma, na moshi wao ulichanganyika na moshi wa volkano ya Nyiragongo hata asubuhi hukuweza kujua upi ni upi. Watu wa kambi ya Mugunga walikuja kununua mikate kwa Marie-Louise. Mmoja wao, mwanaume mwembamba mwenye mvi za mapema, aliweka kiganja chake ukutani kuota moto, akakiacha pale muda mrefu kuliko wengine.

"Huku nyuma kunalala mutu?" aliuliza.

"Hapana mutu. Iko chatu."

Hakushtuka. Aliuliza tu, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia mgonjwa: "Dume ao jike?"

"Bwana yangu alikuwa anasema jike."

Ndipo akajieleza. Jina lake Habarurema. Kule Butare, Rwanda, alikuwa mtunza nyoka katika shule moja iliyokuwa na nyumba ya wanyama. Siku ya kukimbia, wengine walibeba magodoro na milango ya nyumba zao. Yeye alibeba kikapu chenye chatu dume, kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kumlisha. Sasa dume lile lilikuwa likifa polepole juu ya mawe baridi ya Mugunga.

"Nakuomba ukuta wako, mama," alisema. "Siyo mimi. Yeye."

Marie-Louise alitaka kukataa. Badala yake akajikuta anasema alete.

Dume lilipofika lilikuwa limepauka kama kamba iliyosahauliwa mvuani. Daniella alihamia kwa jirani, mama Ernestine, akasema hatarudi mpaka nyoka wabaki mmoja au wasiwepo kabisa. Mwanzoni dume lililala tu, limejinyoosha kando ya ukuta, likinywa joto. Kisha rangi ikalirudia. Kisha likaanza kumfuata jike.

Mikate ikishatoka, Marie-Louise alizoea kukaa kwenye kasha mlangoni pa kile chumba, akitazama kupitia waya. Joto lilimlegeza. Barabarani malori ya misaada yalinguruma, watu walipita na vitita vya kuni, redio za majirani zilitaja vita vya huko juu milimani. Lakini mbele yake mambo yalikwenda kwa mwendo mwingine, kama chini ya maji. Dume lilipanda juu ya mgongo wa jike, ulimi ukigusa na kurudi, ukigusa na kurudi. Karibu na mkia lilikuwa na vikucha viwili, vidogo kama punje za mahindi, na kwa vikucha hivyo likamkwaruza taratibu. Jike akainua mkia kidogo. Mikia ikasokotana, na siku nzima haikuachana. Marie-Louise alisinzia, akaamka, akawakuta vilevile. Usingizini alikuwa amemwona Kambere akipita juu ya maji ya ziwa kwa miguu, bila haraka, na hakuona ajabu yoyote.

Habarurema alikuja kila alipopata njia. Yeye alijua maana za mambo, na Marie-Louise ndiye aliyeyaona, kwa hiyo waliketi pamoja, huyu akisimulia na yule akifasiri.

"Anakataa sungura," alisema Marie-Louise. "Nilimuwekea wawili. Anawaangalia kama hawapo."

"Usimulazimishe. Hiyo ni alama ya kwanza."

Juma lingine: "Jana alivimba hapa katikati, kama amemeza kitu. Na hakumeza kitu. Leo amepungua."

Habarurema alivua kofia. "Basi mayai yamejipanga. Mimi nilingojea miaka mingi kuona hiyo, na haikutokea mbele yangu hata siku moja."

"Nilitamani ukuwe hapa."

"Umeniambia. Inatosha."

Mama Ernestine naye alikuja, rozari mkononi, kwa sababu Daniella, aliyechungulia alipokuja kuchukua mkate, alimwambia nyoka amegeuka. Kweli jike alikuwa amelala ubavu ukutani, tumbo limeelekea juu, jeupe, kama mtu aliyelewa pombe ya ndizi. Rangi ya mgongo ilikuwa imekolea. "Huyu anakufa," alisema Ernestine, akaanza kusali. Habarurema alimngojea amalize salamu zote za rozari.

"Hafi, mama," alisema kwa upole. "Anapasha mayai yangali ndani. Joto la ukuta linamuingia tumboni."

Ernestine alitazama tena, akakunja uso, akasema kwamba na yeye, alipokuwa na mimba ya kwanza, alilala vile. Akaketi. Kuanzia siku ile alikuwa akija na ufumaji wake, akidai ni kwa ajili ya joto tu.

Mwanzoni mwa Oktoba jike alijivua gamba. Lilitoka zima, jembamba, likameta kama karatasi ya peremende. Habarurema alilishika mbele ya dirisha, akaeleza yatakayofuata: baada ya mwezi hivi mayai yatatoka. Atakosa utulivu, atasukuma pembe zote kwa pua akitafuta mahali. Hapo dume liondolewe, na awekewe kitu cha kujikunjia. Baada ya hapo asisumbuliwe na mtu.

"Mbona unanifundisha mimi?" aliuliza Marie-Louise. "Si utakuwapo?"

Habarurema alikunja gamba vizuri, akamrudishia. "Nitakuwapo, kama njia itakuwapo."

Njia haikuwapo. Vita vilivyokuwa redioni vilishuka, barabara ya Mugunga ikafungwa, na wateja wa kambi wakakoma kuja. Siku hizo hizo jike alianza kuhangaika. Alizunguka chumba, akasukuma mlango, akachimba pembe, akarudi ukutani, akaondoka tena. Hakukuwa na wa kumuuliza, na Marie-Louise aligundua kwamba hakuhitaji kuuliza. Alilitoa dume kwa mikono yake mwenyewe, akalitia ndani ya pipa karibu na mdomo wa tanuru. Alitandika majani makavu na magunia ya unga. Kisha alikwenda kwa Ernestine, akamwambia Daniella: "Njoo uone. Siku ingine haitakuwa."

Daniella alikuja. Walikaa mlangoni pamoja mchana wote. Mayai yalitoka moja baada ya jingine, meupe, laini kama ngozi, yakagandamana. Kati ya yai moja na jingine jike alipumzika kwa muda mrefu hata wakadhani amemaliza. Mwishowe alijizungusha juu ya mayai yote, duara juu ya duara, akaweka kichwa juu kabisa.

"Amechoka," alisema Daniella. Lilikuwa neno lake la kwanza kuhusu yule nyoka lisilo la chuki.

Halafu risasi zikaingia mjini. Watu wa Mabanga walijifungia ndani, unga ukaisha, kuni zikaisha. Marie-Louise hakuwa na kitu cha kuoka. Aliweka kiganja ukutani, akahisi jiwe linapoa, akaelewa kwamba mayai yangepoa pamoja nalo. Akavunja rafu za duka, akazichoma. Zilipokwisha akachoma meza ya kuuzia. Ernestine na wengine wa karibu waliokuja kujificha, kwa sababu kuta za mawe zilikuwa nene, walimwangalia akiburuta kitanda cha Kambere kutoka chumba cha kulala.

"Mama Daniella, kitanda cha marehemu?" alisema Ernestine.

"Kilikuwa cha kulala. Sasa kiko cha moto."

Daniella alikuja na shoka, akamsaidia kukata miguu ya kitanda. Milio ilipita juu ya mabati, moto ukapumua, na watu wote wakasinzia wameegemea ukuta ule ule mmoja, wao upande huu na jike upande ule.

Katikati ya Novemba, mji uliponyamaza, barabara ilijaa. Wakimbizi walikuwa wakirudi kwao, wote kwa pamoja, mto wa vichwa na mizigo usio na mwisho, na kilichosikika kilikuwa ni miguu tu. Marie-Louise alisimama mlangoni akitazama nyuso zikipita hadi zikawa uso mmoja. Ndipo mmoja ukatoka kwenye mto ule, ukasimama mbele yake. Habarurema alikuwa amekonda zaidi, na hakubeba kitu.

Marie-Louise alimwingiza nyuma. Habarurema alipiga magoti mbele ya waya, akatazama zile duara, na mayai mawili yaliyochungulia.

"Moja limekuwa la manjano, limebonyea," alisema Marie-Louise. "Nimeliacha."

"Umefanya vizuri. Na wewe ulionaje, kutoka mwanzo?"

Alimsimulia. Alimsimulia pua iliyosukuma pembe, mapumziko marefu, namna jike alivyoweka kichwa chake. Habarurema alisikiliza amefumba macho, akitikisa kichwa kidogo, na machozi yakashuka bila uso wake kubadilika.

"Na dume lako?" aliuliza Marie-Louise. "Liko na nguvu sasa."

"Libaki. Sijui kule nitalala wapi, na litauliza ukuta."

Marie-Louise alimpa chai na viazi, maana mkate haukuwapo. Alikula amesimama. Mlangoni aliushika mkono wa Marie-Louise kwa mikono yote miwili, akaaga kwa lugha ya kwao, "Murabeho, mama," akaingia katika mto wa watu. Marie-Louise aliufuata mgongo wake kwa macho mpaka ukapotea. Habari zake hazikufika tena Mabanga, wala Marie-Louise hakupata mtu wa kumuulizia.

Baada ya Noeli mayai yalipasuka. Vichwa vidogo vilichungulia na kubaki vikichungulia, kana kwamba dunia ni jambo la kufikiriwa kwanza. Mama yao alijikunjua, akanywa maji mengi, na juma lile akala sungura.

Chumba hakikuwatosha wote. Siku ya jua kali Marie-Louise na Daniella waliwabeba watoto katika vikapu, wakapita mahali palipokuwa kambi ya Mugunga, ambapo vipande vya hema za buluu vilikuwa bado vinapeperuka juu ya mawe, wakaendelea mpaka kwenye matete ya upande wa Sake. Walifungua vifuniko, wakarudi nyuma, wakaketi juu ya jiwe lenye joto. Nyoka hawakuwa na haraka. Mmoja mmoja walitoka, wakagusa hewa kwa ulimi, wakaingia majanini, na matete yakatikisika kidogo na kutulia.

"Turudi?" aliuliza Daniella.

"Ngoja kwanza," alisema mama yake, na wakakaa.