Kukata Kumeshakwisha

Siku ya usaili wa daraja la pili, mwalimu wa ushonaji alikuwa ameshawarudisha waombaji kadhaa kabla ya chai, na roho yake ilikuwa imetulia. Wanafunzi walimwita Mama Rula, kwa kuwa rula haikumtoka mkononi, na msimamo wake nao ulikuwa umenyooka hivyohivyo. Daraja la pili ni la suti na makoti. Asiyeweza kutia uzi na kushona mstari ulionyooka aanzie la kwanza. Binti mmoja alilia kidogo, kijana mmoja akabisha weee, kisha wakaenda zao.

Aliyefuata aliingia amekumbatia mfuko wa nailoni, akavua kofia. Mama Rula akabaki kinywa wazi. Alikuwa baba yake mkubwa, dereva mstaafu wa malori, aliyefiwa na mkewe mwaka uliopita.

"Shikamoo, baba mkubwa. Kuna nini nyumbani?"

"Marahaba, mwanangu. Nyumbani salama. Nimekuja kwenye usaili."

Alidhani ni utani, maana mzee kwa utani hajambo. Lakini alikuwa ameshakaa kwenye cherehani, kofia gotini.

"Umewahi kushona?"

"Hata kifungo."

"Basi unaanzia daraja la kwanza."

"Huko mnafundisha nini?"

"Kupima na kukata."

"Kukata kumeshakwisha," mzee alisema akiupapasa mfuko. "Alikata mama yako mkubwa mwenyewe. Imebaki kuunga tu. Sasa nirudi nyuma kufanya nini?"

Mwalimu aliinamia cherehani. Akamtilia uzi, jambo ambalo hakumfanyia mwingine yeyote, akampa kitambaa chenye mstari wa chaki. Mzee akakanyaga kama anapandisha lori mlimani. Cherehani ikanguruma, ikameza kitambaa, sindano ikakatika. Waombaji waliokuwa mlangoni wakaangua kicheko. Mwalimu naye nusura acheke, mara akaona aibu, halafu hakujua tena anaona nini.

"Siwezi kukupokea, baba mkubwa," alisema kwa sauti ya chini. "Hata niliowarudisha wamekuzidi. Niachie mimi nikushonee nguo hiyo, utaipata wiki hii hii."

"Sikuja kutafuta fundi."

Alisema hivyo kwa ukavu, lakini mfuko akaufungua. Mwalimu akapanga vipande mezani. Kitambaa kilikuwa kizuri, cha kahawia, kizito. Mikono miwili, yote ya kushoto. Kola tatu. Kiuno cha sketi. Mgongo haukuwepo. Akavigeuza, akavigeuza tena, akidhani macho yanamdanganya. Mama mkubwa ndiye aliyemfundisha kushika mkasi, na mwanamke yule hakuwahi kukosea kukata hata akiwa katikati ya soga. Nyumbani walimwambia tu kwamba mwishoni alikuwa anasahausahau majina.

"Baba mkubwa, hii mikono yote ni ya kushoto."

"Najua."

"Na hivi si vya nguo moja."

"Ndiyo maana nikaja kusoma." Mzee aliigeuzageuza kofia yake. "Alikuwa anashinda anakata. Nikimuuliza, ananiambia anakata koti langu. Nikimnyang'anya mkasi, analia. Nikawa namwachia. Jioni ananiuliza, umelijaribu? Namwambia, limenikaa vizuri kabisa."

Mama Rula aliilaza rula juu ya vipande. Kumpokea ni kuwadhulumu waliorudishwa. Kumrudisha ni kumrudisha baba yake. Na hata angempokea, angemfundisha nini?

"Njoo Jumatatu, daraja la kwanza," alisema mwishowe.

"Nikimaliza hilo, hivi vitashoneka?"

Kumdanganya angeweza, na kumkata maini vilevile.

"Sijui, baba mkubwa. Kwa kweli sijui."

Ajabu, mzee akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyejibiwa vizuri. Akakunja vipande, kola juu ya kola, akavaa kofia, akatoka. Kutoka koridoni alisikika akiwaambia waliosubiri, "Mkali huyo, jiandaeni. Kanirudisha mimi, baba yake!" Ilikuwa fahari au uchungu? Mwalimu alitega sikio, asiweze kutofautisha.

Akabadilisha sindano, akaita mwingine. Binti akaingia, akatia uzi bila kubabaika, akashona, akainua kitambaa.

"Sawa hivyo, mwalimu?"

Mama Rula hakuwa ameona chochote.

"Samahani, mwanangu," alisema. "Hebu shona tena."