Nafasi Moja kwenye Transfoma

Mtaa mzima ulikuwa na paneli za jua juu ya mabati, na mtaa mzima ulikuwa unategeana. Watu wazima, na ndevu zao, wanategeana! Shirika la umeme lilikuwa limeweka sheria kwamba transfoma ya mtaa hupokea umeme wa jua kiasi fulani tu, na yule ambaye maombi yake yatavuka kiasi hicho atanunua transfoma mpya kwa fedha zake mwenyewe, nzima nzima, pamoja na nguzo. Watakaokuja baada yake wanaunganishwa bure, roho zao kwatu. Sasa nani alikuwa tayari kuwanunulia wenzake transfoma? Waliowahi zamani walishaunganishwa. Waliobaki kila mmoja alimsubiri jirani yake aanze, maana hakuna aliyejua nafasi iliyobaki ni kiasi gani.

Mama Vifaranga akajua. Mkaguzi wa shirika alikuja kutazama waya zake, akateremka ngazi akiwa amelowa jasho, akaomba maji ya kunywa. Alipomaliza glasi akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumzia mvua, "Mama, hapa kwenu zimebaki kilowati kumi, basi. Wewe umefunga paneli za kumi, na jirani yako dobi naye kumi. Atakayewahi amewahi. Atakayechelewa asije akaniona mimi mbaya."

Mwanamke huyu alikuwa mjane, na riziki yake ilikuwa ndani ya chumba kimoja chenye mashine za kutotolesha mayai. Joto likishuka, kwisha habari yake. Mchana paneli zilitoa umeme hadi ukabaki, na ule wa ziada ukapotea bure. Usiku alinunua wa shirika, na bili yake ilikuwa ya kumtoa mtu machozi. Akiunganishwa, wa mchana ungeingia kwenye waya za shirika na kupunguzwa kwenye bili ya usiku. Asipounganishwa, alishajiambia, mwaka huu anafunga.

Na huyo dobi ni nani? Ni Povu, ukuta kwa ukuta naye. Hakuwa ndugu wa damu, lakini ndugu wa damu wangapi wamefanya aliyoyafanya? Umeme ulipokatika siku ya msiba wa mume wa Mama Vifaranga, mayai yakiwa karibu kuanguliwa na yeye hajitambui kwa kilio, Povu alichemsha maji kwenye pipa lake la kufulia, akayajaza kwenye madumu, akayazungusha kando ya mayai mpaka umeme ukarudi. Vifaranga vikatoka. Mama Vifaranga alikuwa akilisimulia jambo hilo kila mahali, na kila mara machozi yakimlengalenga.

Jioni ya siku ile ile ya mkaguzi, Povu akapiga hodi mlango wa jikoni, vidole vimekunjamana kwa sabuni.

"Dada, umesikia lolote kuhusu transfoma?"

Mama Vifaranga akainamia sufuria akaanza kukoroga kitu kisichohitaji kukorogwa.

"Hata! Si unawajua watu wa ofisi, kaka? Njoo kesho, njoo kesho kutwa."

Povu akasimama kidogo kama mtu mwenye neno la pili. Kisha akacheka. "Haya, jikaze kisabuni. Nikisikia mimi nitakuambia."

"Na mimi vilevile."

Na mimi vilevile! Kwa kinywa chake mwenyewe, bila hata kupepesa macho. Alipofunga mlango akajitetea kwamba ana watoto, kwamba Povu ni mwanamume atajua pa kushika, kwamba kila mtu na lake. Alijitetea sana, na anayejitetea namna hiyo peke yake jikoni anajua vizuri alichofanya.

Asubuhi akawa wa kwanza kwenye dirisha la karani. Karani, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, alisoma, akauliza mawili matatu, akagonga muhuri. Imekwisha. Mama Vifaranga alirudi nyumbani akitaka kufurahi, na furaha ikamgomea.

Mchana, alipomaliza kupeleka shuka za hospitali, Povu naye akaenda ofisini. Alirudi kwa miguu taratibu, akamkuta jirani yake akifagia mlangoni. "Umeshindaje, dada?" Akajibiwa salama, akaingia kwake. Habari zilifika mtaani kupitia kwa mkewe, ambaye Mama Vifaranga humwita wifi: Povu ameambiwa akitaka kuunganishwa anunue transfoma, naye hata maombi hakuacha.

Mafundi walipokuja kumuunganisha Mama Vifaranga, ngazi yao ikawa fupi. Unajua nani aliwaazima ya kwake? Povu. Tena aliishikilia chini mpaka wakamaliza. Afadhali angemtukana! Tusi lina jibu lake, lakini utamjibu nini mtu anayekushikia ngazi?

Tangu hapo bili ikashuka, na mwenye bili akakosa raha. Upande wa pili wa ukuta alisikia mashine ya Povu ikinguruma, wingu likipita ikanyamaza katikati ya kazi, imejaa maji na shuka. Kisha alisikia Povu na wifi wakizitoa, wakizifikicha kwa mikono, bila maneno. Umeme wa shirika peke yake wasingeuweza. Bili ya mwezi mmoja ingemeza kazi yote. Mawingu ya masika yakazidi, shuka zikaanza kuchelewa. Hospitali ikavumilia, ikalalamika, ikatafuta dobi mwingine. Siku hiyo Mama Vifaranga alishindwa kumeza hata tonge moja.

Akapiga moyo konde, akarudi kwa karani.

"Nafasi yangu naitoa," alisema. "Mpeni jirani yangu, dobi."

Karani akavua miwani. "Mama, nafasi si sahani ya chakula, umpelekee umtakaye. Ukiiacha inakwenda kwa anayefuata kwenye foleni, na anayefuata ni yule tajiri wa kituo cha mafuta. Dobi wako hayumo. Hakuacha maombi."

"Basi nigawane naye. Yeye tano, mimi tano."

"Kugawana ni kabla ya kupewa. Ukishapewa peke yako, ni yako peke yako. Na usije ukamvushia waya juu ya ukuta, tutawakatia wote wawili." Kisha akalainisha sauti, maana hakuwa mtu mbaya. "Mngekuja pamoja siku ile, ningewaandika pamoja. Mbona sheria inaruhusu?"

Tano zingemtosha. Alipiga hesabu hapo hapo dirishani, akaipiga tena njiani, na kila mara zilimtosha. Zingemtosha na Povu pia, shuka za hospitali na zote. Alilia barabarani kama mtoto, watu wakimpisha.

Alimkuta Povu uani, anakamua shuka la mwisho la hospitali. Hakukaa, hakusalimia.

"Kaka, nilikudanganya. Ulipokuja kuniuliza nilikuwa najua. Mkaguzi alikuwa ameniambia mchana ule."

"Najua," alisema Povu.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu siku ile ile. Mkaguzi alipita kwangu kuchukua shati lake, akaniambia nafasi ni moja, na kwamba wewe ameshakuambia."

Mama Vifaranga akamtazama. "Sasa ulikuja kuniuliza nini?"

Povu alilitandaza shuka kwenye kamba, akalinyoosha pembe zake moja moja. Alipojibu hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

"Nilisikia watu wawili wanaweza kuomba pamoja. Nikaja tuzungumze. Uliposema hujasikia kitu, nikadhani labda mkaguzi kanitania, nikasema nisikutie presha bure, niende kwanza mwenyewe nikaulize. Karani, kabla hajajua natoka mtaa gani, akaniambia inawezekana, nimlete tu huyo mwenzangu atie sahihi. Akaniuliza ni nani. Nikakutaja."

"Akasemaje?"

"Akacheka, dada. Muhuri wako wa asubuhi ulikuwa hata haujakauka. Alidhani namtania."