Vijiti vya Ukoo wa Mume

Wifi yangu alipoolewa alikuja na sanduku moja la nguo na mto mmoja. Mto wenyewe si wa kulalia. Ni mgumu kama tikiti, umeshindiliwa pumba za mbao, na kazi yake ni kuchomwa pini. Kwenye kila pini unaning'inia uzi, na kila ncha ya uzi imezungushwa kwenye kijiti chembamba, urefu wa kidole. Ukivipishanisha vijiti hivyo na kuvisokota, jozi kwa jozi, inazaliwa lesi. Ukikosea kimoja, inazaliwa takataka.

Kazi hiyo huifanyia kwenye chumba cha mbele, kwa sababu ndicho chenye dirisha kubwa, na uzi wake ni mwembamba kiasi kwamba kwenye kiza hata ukiapa huuoni. Tabu ni kwamba kaka yangu wa pili, ambaye nyumba nzima tunamwita Misuli, alikuwa amerudi nyumbani na vyuma vyake vya kunyanyua, naye alikitaka chumba hichohicho. Mama alisema, "Nitapita alasiri nione nani anakihitaji zaidi." Mama akisema atapita, anapita. Na akishaamua, hata Baba hukata rufaa kwa kunong'ona.

Alasiri hiyo wifi alikuwa katikati ya mstari, kola ya mteja imefika nusu, midomo inacheza. Wifi yangu hafumi kimya. Vijiti vyote vinafanana, na hapo mwanzo alikuwa anapotea kila akipiga chafya. Alijaribu kuvipa namba, namba zikamchanganya zaidi. Ndipo akavipa majina ya ukoo wetu. Kila jozi ni mke na mume, na kila jozi ina rangi yake ya shanga mkiani: mke shanga mbili, mume moja. Wamepangwa kwa kuzaliwa. Ukingoni kabisa, kushoto, Baba na Mama. Kisha baba mdogo na mkewe. Kisha shangazi na mumewe. Wanashuka hivyo mpaka kwa mabinamu, na mwisho wa mwisho mimi na Misuli, tuliofungwa pamoja kwa kuwa hakuna aliyetutaka. Wasiohitajika kwa wakati huo huwafunga utepe wakae kando. Jozi inayotembea toka ukingo hadi ukingo ni yeye na mumewe, kaka yangu mkubwa: bibi na bwana harusi, wanapita kwa kila mkwe kusalimia.

"Baba mdogo, pisha. Haya, asante. Misuli, umelala tu, ona wenzako. Mama Mkwe, hebu rudi pembeni, kila jambo lazima uingie katikati?"

Mimi, niliyekaa naye nikiuelekea mlango, nilikohoa. Hakugeuka. Nikakohoa tena, kama mgonjwa wa kulazwa.

"Kunywa maji, wifi. Mama Mkwe, nimesema pembeni!"

"Pembeni ipi?" akauliza Mama. Alikuwa amesimama mlangoni, viatu mkononi.

Mtu mwingine angeruka, angejieleza, angelia. Wifi yangu hakuweza. Sheria yake ya kwanza ni kwamba mikono haitoki kabla mstari haujaisha, maana ukiachia njiani, ukirudi hujui nani alikuwa anakwenda wapi. Akabaki na vijiti vinne vidoleni kama mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani.

"Shikamoo, mama. Naomba nimalize mstari."

"Marahaba. Maliza. Yangu yatangoja."

Yakangoja. Vijiti vikaendelea kugongana. Hatimaye jozi ikafika ukingoni, wifi akachoma pini, akashusha mikono na pumzi kwa pamoja.

"Mimi ni yupi hapo?"

"Shanga nyekundu, mama. Mbili."

"Na pembeni nimewekwa kwa kosa gani?"

"Ukingo ndio unaoshika kola nzima, mama. Ukilegea, wote wanafumuka."

"Hiyo ni sifa, au unanisukuma nje kwa adabu?"

Wifi akavinyoosha vijiti. "Yote mawili, mama. Ukija katikati unavuruga watu. Kijiti, nasema."

"Kijiti," Mama akarudia, akivaa miwani. Akainama, akaufuata uzi mmoja kwa ukucha juu ya lesi iliyokwisha kufumwa, wifi akimtajia kila rangi ni nani. "Mbona hapa mume wa shangazi anaondoka na mke wa baba mdogo?"

"Ua hilo ndivyo lilivyo, mama. Wanabadilishana kidogo, kisha kila mtu anarudi kwake."

"Kwenye ukoo huu?"

"Kwenye lesi, mama."

Mimi niliangalia dari. Dari letu halina cha kuangalia.

Hapo ndipo Misuli alipofungua mlango kwa bega, chuma kila mkono. Mlango ukagonga kigoda cha mto. Mto ukapinduka, wifi akaudaka hewani, lakini ukoo mzima ukaporomokea upande mmoja, wazee juu ya watoto, na kopo la pini likamwagika sakafuni.

"Usikanyage!" nikapiga kelele. Misuli alikuwa peku. Akaganda, mguu mmoja juu.

Wifi alikuwa ameukumbatia mto. Akiuachia tu, unabingirika na kung'oa kila pini. Mimi nilikuwa magotini naokota. "Kola inachukuliwa kesho," akasema wifi.

Mama akavua bangili. "Nyekundu ni sisi, tunaanza. Bluu nani tena?"

"Baba mdogo."

"Basi anatufuata. Shangazi yenu, ondoka juu ya watu. Kijani?"

"Binamu mkubwa. Usivute, mama, inua."

"Nimelea watatu kwa kuinua, utanifundisha wewe? Huyu wa manjano anakuja nyuma ya kijani, nilikuwepo wakizaliwa."

"Ukipata jozi, choma pini ubavuni mwake, wasirudiane."

Mama akachoma. Nyuzi zikatengana moja baada ya nyingine, bila hata fundo, kila mtu na mwenzake, mpaka akatufikia sisi wawili wa mwisho.

"Mama, mguu unakufa ganzi," akasema Misuli. "Na chumba je?"

"Hivyo vyuma, vikianguka vyote, utajua kipi kilikuwa wapi?"

"Aa, mama. Chuma ni chuma."

"Basi vitakaa uani. Chumba ni cha mkwe wangu."

Wifi angemrukia shingoni kama si mto. Mama hakumwona. Alikuwa amevuta kiti hadi dirishani, anawapitia tena kutoka kushoto kwenda kulia, na uso unabadilika.

"Hawa wote ni upande wa baba yenu."

"Ndiyo, mama."

"Dada zangu wako wapi?"

"Kola nyembamba, mama. Hawaenei."

"Dada zangu hawaenei?"

Hata Misuli alisahau mguu wake.

"Hii imalize," akasema Mama, akijiweka sawa kwenye kiti. "Inayofuata utafuma pana. Tutaanza na dada mkubwa, na huyo nitampanga mwenyewe, usimguse."

Wifi akaniangalia juu ya mto. Chumba alikuwa amekipata, na dirisha lake, na mwanga wake wote, na msimamizi humohumo. Nilimwonea huruma. Kwao Mama wamezaliwa tisa.