Nafasi Chini ya Daraja

Pini ya ishirini na tatu ilitoa mlio wa kopo. Ferdinand akaigonga tena kwa nyundo yake ndogo, akainama kutega sikio, akagonga mara ya tatu. Pini nzima hulia kama kengele, mlio ukabaki hewani kidogo. Hii ilisema ko, ikanyamaza. Akaichora msalaba wa chaki na kuiweka pembeni pamoja na nyingine mbili.

Zilikuwa pini sitini za chuma, nene kama kifundo cha mkono, na alitakiwa kuzigonga zote kabla ya saa nane mchana. Ndizo zinazoshika vipande vya daraja la jeshi, lile linalobebwa kwenye malori na kuungwa mtoni. Kwa miaka ishirini na sita Ferdinand aliunga madaraja hayo katika kikosi cha uhandisi, akastaafu akiwa sajini taji. Sasa alikuwa mkaguzi kwenye karakana ya kampuni binafsi, huku huku Gongo la Mboto, inayoliuzia jeshi vifaa. Majirani wakimuuliza, aliwaambia amehama jengo tu, kazi ni ile ile. Uongo mtupu, na yeye aliujua tangu wiki ya kwanza.

"Mzee Ferdinand, bado tu?"

Alikuwa Mudathir, meneja, kijana wa miaka thelathini na kitu, shati jeupe limenyooka. Si mtu mbaya, tusimsingizie. Ndiye aliyempa Ferdinand kazi baada ya miezi minane ya kukaa barazani na suruali ya mazoezi, akiulizwa na kila mpita njia kama leo hatoki.

"Nimefika arobaini, bosi. Nne zimepasuka ndani. Bado ishirini."

"Lori la jeshi limeshaingia getini. Tukishindwa kukabidhi leo, tenda wanampa mwingine, na sie wote humu tunarudi mtaani."

"Nipe saa moja tu."

"Saa moja sina. Nne kati ya sitini ni nini, mzee? Futa hiyo chaki, zirudishe kwenye boksi, utie saini. Hilo ni agizo."

Hilo neno ndilo lililomponza. Kabla hajafikiri, visigino vyake vilikuwa vimegusana na mgongo umenyooka.

"Ndiyo, afande," akasema.

Afande gani, jamani? Mtoto wa watu ambaye hata mto wenye mamba hajauona. Lakini mwili wa Ferdinand ulikuwa umeshatii. Alitoa leso yake mwenyewe, akaifuta misalaba minne, akazichanganya pini hizo na zile nyingine mpaka yeye mwenyewe asingeweza kuzitambua. Kisha akasaini fomu ya ukaguzi.

Aliyekuja kupokea mzigo alikuwa Marijani, koplo ambaye Ferdinand mwenyewe alimfundisha kushika nyundo.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, Marijani. Mmenenepa kikosini."

"Wali maharage huo." Marijani akaichukua fomu, akaona saini, akacheka kwa furaha kabisa. "Aa, kumbe umekagua wewe? Basi sina haja hata ya kufungua."

Mudathir alikuwa amesimama pale pale, anatazama simu.

"Zigongeni tena mkifika," Ferdinand akasema.

"Mzee bado unanipima tu. Ulikuwaga unatutega hivi hivi kozini." Marijani akakunja fomu na kuitia mfukoni. "Jumamosi tunalivusha lori la kwanza. Njoo bwana. Nafasi yako ipo."

Ferdinand aliijua nafasi hiyo. Kikosini kwao, daraja likishaungwa, walioliunga wanashuka wote chini yake, mpaka afisa aliyetoa amri, wanasimama kwenye maji huku lori la kwanza likipita juu ya vichwa vyao. Hakuna kanuni iliyoandikwa. Ndivyo walivyokuta, na ndivyo walivyoacha. Mtu akishajua atasimama chini, hagongi pini kwa haraka.

"Mko wangapi safari hii?"

"Tisa. Na wewe kumi."

Alikuwa na muda wa kusema. Lori lilichukua dakika nzima kugeuka uwanjani, na yeye alisimama akimwelekeza dereva kwa mkono, kushoto, kushoto, nyoosha. Likatoka getini.

Nyumbani, jua likiwa halijazama, mkewe Anjelina alimkuta ameketi na viatu vyake vya kazi, chai imepoa.

"Baba Noela, kuna nini?"

Akamweleza yote, mpaka leso. Anjelina alisikiliza huku anachambua mchele, kisha mikono ikasimama.

"Hao tisa wana mama zao."

"Nikipiga simu, Jumatatu pale getini sina changu."

"Utarudi barazani, nitakuzoea. Hili lingine sitalizoea."

Ferdinand akapiga. Marijani alipokea kwa kelele, bado amechangamka.

"Afande, unaulizia Jumamosi?"

"Sikuzigonga zote. Niligonga arobaini, nne zimepasuka. Zimo humo humo kwenye boksi, nilifuta alama mwenyewe. Msiunge kitu."

Nyuma ya simu mtu alikuwa anaita watu wakachukue chakula.

"Saini ile ni ya nani?" Marijani akauliza.

"Yangu."

"Nilijua umelazimishwa. Niambie umelazimishwa, mzee."

Ferdinand alitaka sana kusema ndiyo. Nusu yake ilikuwa kweli.

"Niliambiwa. Nikatii."

Marijani akashusha pumzi. Alipozungumza tena, sauti ilikuwa ya adabu, kama ya mtu anayejibu raia getini.

"Sawa. Tutazigonga zote leo, na mkuu itabidi nimpe taarifa, na jina lako litakuwamo. Asante kwa kusema. Na Jumamosi, mzee, usije. Vijana hawatasimama na wewe."

Simu ikakatika. Anjelina alikuwa bado na ungo mapajani.

"Anasemaje?"

"Anasema watazigonga."

"Na wewe?"

Ferdinand akainama kufungua kamba za viatu.

"Mimi nipumzike," akasema.