Sumaku Bila Nailoni

"Ng'ombe mwekundu," alisema Mokami. "Ng'ombe mweusi. Ng'ombe wa baka jeupe pajani. Ng'ombe asiye na pembe."

Felistas aliacha kuandika. Alikuwa ameshika saa mkono mmoja na kalamu mkono mwingine, na swali alilouliza halikuwa gumu: taja wanyama wengi kadiri unavyoweza kwa dakika moja.

"Mama mkubwa, hiyo yote ni mnyama mmoja tu."

"Kwa mtu asiye na ng'ombe," Mokami alimjibu, akaendelea na safari yake. Alipita kwa mbuzi, kondoo, punda na paka, akaingia mbugani bila kiingilio, na dakika ilipokwisha alikuwa amefika kwa tembo, akieleza jinsi anavyokula mahindi ya wakwe zake kule Machochwe bila hata kubisha hodi. Felistas alihesabu, akawapunguza ng'ombe wote wakawa mmoja, na bado wakabaki wanyama kumi na wanane. Wiki sita kabla ya hapo, kwenye kiti kilekile, Mokami alikuwa ametaja ng'ombe, mbuzi na fisi, akauliza kama kuna mtu aliyewahitaji, kisha akanyamaza mpaka dakika ikaisha.

Hospitali walimokuwa ilikuwa Nairobi, mbali kabisa na Matongo, kijijini kwake ng'ambo ya mpaka. Mokami alikuwa na umri wa miaka sitini na nane, na miaka thelathini kati ya hiyo aliimaliza akiwa ameinama juu ya karai, akiosha mchanga wa dhahabu. Mumewe, Heche, alifariki mwaka uliopita. Watu walimtarajia alie sana, kisha azoee. Hakulia, na wala hakuzoea. Aliacha kuosha mchanga, akaacha kula vizuri, na mwishowe akaacha kugombana, dalili ambayo hata kuku wa boma lile waliiona. Aliombewa kanisani, akachinjiwa mbuzi nyumbani, na huzuni ikala vyote viwili. Vidonge alivyopewa vilimpa usingizi tu. Kutwa alikaa barazani akitazama kigoda cha Heche, ambacho tangu mazishi hakuna aliyethubutu kukikalia.

Aliyemtoa hapo alikuwa Awino, rafiki yake wa siku nyingi, mwanamke wa Kijaluo auzaye dagaa na mwenye ndugu pande zote mbili za mpaka wa Sirari. Felistas alikuwa binti wa Awino, muuguzi huko Nairobi, na ndiye aliyepiga simu kusema kwamba hospitalini kwao walikuwa wanawatibu wazee wenye huzuni iliyoshindikana, kwa sumaku inayowekwa juu ya kichwa, na kwamba walikuwa wanawapima akili kabla na baada ya tiba, waone kama kuna kilichopungua.

Aliposikia neno sumaku, Mokami aligeuza uso kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi.

Sumaku aliijua. Ukishaosha mchanga ukabaki ule mzito chini ya karai, ndani yake kuna dhahabu na kuna mchanga mweusi wa chuma, na vyote hung'ang'ania pamoja kama mashemeji kwenye sherehe. Hapo unapitisha sumaku. Ule mweusi unaruka wenyewe na kuganda, dhahabu inabaki. Lakini kuna jambo ambalo mgeni halijui: sumaku lazima uifunge kwenye nailoni. Ukishaichomoa kwenye nailoni, ule weusi unaanguka, mambo yamekwisha. Ukiitumia bila nailoni, weusi haubanduki tena, na kila ukiipitisha unarudisha uchafu wa jana.

Kwa hiyo siku ya kwanza, alipolazwa kwenye kiti na kile chombo kikasogezwa kichwani, aliuliza swali moja tu.

"Mmeifunga nailoni?"

Daktari alimweleza kwa upole kwamba sumaku hii haivuti kitu chochote. Inagonga tu sehemu ya ubongo iliyosinzia, ili iamke. Mokami aliitikia kama mtu anayesikiliza mtoto akieleza ng'ombe anakamuliwaje. Chombo kikaanza kugonga, ta-ta-ta-ta, kama kuku anayedonoa mahindi juu ya bati, na kilipomaliza aliinama akachungulia sakafuni aone kilichoanguka. Alichungulia siku zote thelathini.

Hofu yake ilikuwa hiyo. Kama sumaku ya watu hawa haikufungwa, itajuaje cha kuchukua na cha kuacha? Na kichwa chake kilikuwa na kazi inayokisubiri nyumbani.

Mokami hakuzaa mtoto wa kiume. Kama desturi ya Wakurya inavyomruhusu mama wa namna hiyo, alitoa ng'ombe akamwoa binti anayeitwa Tabitha, ili watoto wa Tabitha wawe wa nyumba yake na walibebe jina la Heche. Tabitha alikuwa amejifungua mtoto wa kiume miezi miwili kabla ya safari, na katika boma lile jina hutolewa na mkubwa wa nyumba. Mkubwa wa nyumba alikuwa anatazama kigoda. Mtoto akakaa bila jina. Kwenye kadi ya kliniki aliandikwa Mtoto wa Tabitha, na vijana wa bodaboda wakaanza kumwita Bado.

Mogesi, mdogo wake Heche, alikuwa ameshajitolea kusaidia. Jina alilokuwa nalo moyoni lilikuwa Mogesi. Kila mtu alijua kwamba atakayempa mtoto yule jina ndiye atakayesikilizwa katika nyumba ile tangu siku hiyo, na Mokami alilijua kuliko wote.

Ndiyo maana kabla ya kuondoka aliweka akiba. Alimkalisha Awino jikoni, akamwambia mambo matano anayoyajua yeye, ili akirudi aulizwe mbele ya watu, ionekane kama sumaku imeyabeba. Hawakuandika popote. Mokami hakuziamini karatasi, na Awino alisema hana haja ya karatasi, maana kichwa chake hakijawahi kuguswa na kitu chochote isipokuwa kilemba.

Basi tiba ikaisha. Felistas alisema hakuna kilichopungua, tena kukumbuka kumeongezeka kidogo. Maneno matano aliyompa ayashike wakati wa kipimo, Mokami alikuwa ameyashika mpaka Sirari. Ofisa wa mpakani alipomuuliza amebeba nini, alimjibu, "Kijiko, mvua, kanisa, shoka, njano," na begi lake likapekuliwa lote.

Alifika Matongo Ijumaa na kabla ya jua kuzama alikuwa ameshagombana na watu wawili. Tabitha alilia kwa furaha. Mogesi hakulia. Alisema wazi kwamba kichwa kilichosombwa na sumaku siku thelathini hakiwezi kumpa binadamu jina, na kwamba akikosa mawili katika yale matano, yeye Mogesi atafanya kazi hiyo kesho yake asubuhi. Mokami alikubali. Tangu jikoni pale, alikuwa amejiandaa kuulizwa.

Jumamosi saa nne watu wakakaa uani. Mokami alikaa kwenye mkeka karibu na kigoda, mikono magotini. Awino alisimama katikati amejifunga kilemba kipya, akifurahia kazi yake kuliko ilivyofaa.

Swali la kwanza lilihusu jina la babu yake Heche, Mokami akalijibu, Awino akaitikia. La pili lilihusu walivyokutana Mokami na Awino wenyewe. Wote walisema ni kwenye mvua ya mawe, chini ya turubai la mtu waliyemwangusha pamoja wakikimbilia kujificha. Watu wakacheka.

"La tatu," alisema Awino. "Siku ng'ombe wa Tabitha walipotoka hapa, aliyetangulia alikuwa wa rangi gani?"

"Mwekundu wa baka jeupe pajani."

Awino alisita. Alimtazama rafiki yake kwa huruma.

"Uliniambia mweusi, dada."

Mokami alimwona ng'ombe yule mbele ya macho yake, mwekundu, anaburuta kamba, anageuka kumtazama. Alimwona kabisa. Lakini si ndivyo mtu aliyepotelewa na kumbukumbu anavyoona?

"La nne. Sumaku yako ya kazi umeificha wapi?"

"Chini ya jiwe la kusagia."

"Yawa, jamani," alisema Awino, na machozi yakaanza kumlengalenga. "Uliniambia darini, jikoni. Darini, dada."

Mogesi alisimama akakunja mikono kama mchungaji anayefunga ibada. Alisema kwamba hawamdharau shemeji, maana hata shemeji hakujigonga mwenyewe, aligongwa. Mokami hakumsikia vizuri. Alikuwa anajipekua kichwani kama mtu anayepapasa mfuko njiani, na alichokiogopa zaidi si Mogesi. Aliogopa kwamba furaha hii aliyorudi nayo, hamu hii ya kula na kugombana, huenda aliinunua kwa vitu asivyovijua.

"Kijiko, mvua, kanisa, shoka, njano," alijisemea polepole. Yote yalikuwepo. Akanyanyuka. "Twende tukaitazame hiyo sumaku."

Walikwenda wote. Awino alipapasa darini akatoka na masizi tu mpaka kwenye kiwiko. Mogesi akainua jiwe la kusagia kwa mikono yake miwili, polepole, kama anayefunua jambo ambalo tayari amelishinda. Chini yake palikuwa na udongo na mende mmoja.

Mokami alikaa chini pale pale jikoni. Mogesi mwenyewe alionekana kuona aibu kidogo.

Ndipo Tabitha, aliyekuwa mlangoni na mtoto mgongoni, alipokohoa.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, "niliichukua mimi."

Sindano yake ilikuwa imeanguka kwenye nyasi za godoro, akaeleza, siku alipokuwa anashona vazi la mtoto. Akakumbuka kwamba mama ana sumaku. Akaitafuta.

"Uliikuta wapi?" Mogesi aliuliza.

"Chini ya jiwe la kusagia."

Alikwenda chumbani akaileta, imefungwa kwenye nailoni yake kuukuu, na sindano imeganda ubavuni. Kisha, kwa kuwa mdomo ulikuwa umeshafunguka, akaongeza kwamba yule ng'ombe alikuwa mwekundu wa baka jeupe pajani. Alimwona akiingia kwa baba yake, na yeye ndiye aliyemkamua miaka miwili kabla ya kuletwa hapa. Ng'ombe mweusi alikuwa wa nne kutoka mwisho, na alikuwa na kikohozi.

Watu wote wakageuka kumtazama Awino. Awino alijitazama masizi ya mkononi.

"Basi," alisema Mogesi baada ya kufikiri, "wamempeleka Nairobi mgonjwa asiye ndiye."

Mokami ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akashika jiwe la kusagia, na Awino, aliyekuwa anataka kukasirika, akashindwa, akakaa chini kando yake na kilemba kimemwangukia sikioni. Alisema kwamba tangu siku ile jikoni alikuwa akiyarudia mambo yale matano kila jioni bila kukosa, na kumbe alikuwa anayakaza tu makosa. Walipomaliza kufuta macho Mogesi alikuwa ameanza kuwaaga watu.

"Kaa, shemeji," alisema Mokami. "Bado la tano."

Awino aliacha kucheka. Walirudi uani, na safari hii hakusimama katikati. Alikaa kwenye mkeka, goti kwa goti na rafiki yake.

"La tano sikulisahau," alisema. "Ila nilikuwa naomba lisifikiwe. Uliniambia nikuulize jina la mwenye kigoda hiki. Na wewe mwenyewe siku ile hukulitamka. Ulikinyooshea kidole tu."

Ni kweli. Tangu mazishi Mokami hakuwa amelitaja jina la mumewe, kwa sababu kila lilipofika kooni lilikuja na mengine yote, na yote yalikuwa mazito. Sasa alilisubiri. Aliigeuza sumaku mkononi, akalikagua fundo la nailoni.

"Hii alinitengenezea yeye," alisema. "Aliichomoa kwenye spika ya redio. Nikamshukuru sana. Jioni nataka kusikiliza taarifa ya habari, redio haina sauti. Namuuliza, redio gani uliyoitoa sumaku? Ananiambia, si hiyo yako. Redio nzima, mpya, haijamaliza wiki. Nilimfukuza na mwiko mpaka barabarani, watu wa Matongo wote wanatutazama, naye anakimbia huku anaeleza kwamba ile redio mbovu ilikuwa na spika ndogo."

Hapo machozi yakamtoka, mengi, yale aliyokuwa akidaiwa tangu mwaka jana, na alikuwa angali anacheka.

"Heche," alisema. Akangoja aone kama kuna kitakachoanguka. "Heche."

Mogesi alivua kofia yake. Tabitha alifungua kanga, akamshusha mtoto mgongoni, akamweka mikononi mwa Mokami, kisha akaichomoa sindano kwenye sumaku na kuichomeka kwenye upindo wa gauni lake.

Mokami alimtazama mtoto, akamwita Heche, naye mtoto alikuwa anatazama nailoni inavyong'aa juani. Mkeka ulikuwa mgumu na magoti yake hayakuwa ya kukaa chini na mtoto siku nzima. Alinyoosha mkono, akakivuta kile kigoda, akakifuta vumbi kwa kiganja, akakikalia.