Mtumbwi wa Keki

Mzee Fransisko alichonga mitumbwi maisha yake yote, na kabla ya daraja mitumbwi hiyo ilivusha watu na mpunga kwenye mto Kilombero. Sasa ugonjwa wa koo ulikuwa umemfikisha mahali ambapo hata uji ulipita kwa kuombewa. Madaktari walikuwa wamemrudisha nyumbani Idete, na kila mtu alijua maana ya kurudishwa huko, ila hakuna aliyeitamka.

Ndipo wanawe wakaamua jubilei ya ndoa ya wazee ifanywe haraka. Kamati ikaundwa, maana sisi hata harusi ya paka tungeiundia kamati. Mwenyekiti akawa Anselim, kaka mkubwa, mtu wa picha na video. Keki ikamwangukia Levina, binti wa mwisho, mwokaji wa Ifakara mjini. Anselim alitaka keki yenye umbo la mtumbwi, mrefu, wenye pua na kafi yake.

Levina akaenda kumuona baba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Sauti ilikuwa imebaki mkwaruzo tu.

Akamweleza habari ya mtumbwi. Mzee akacheka bila kutoa sauti, macho yakachangamka.

"Utachonga kwa mti gani?"

"Keki ya siagi, baba, yenye ndizi. Nzito. Sponji ukiipitisha kisu inapukutika, na kwa joto hili na barabara yetu hii, mtumbwi utafika umelala."

"Sawa kabisa. Wanasema mchagua jembe si mkulima. Lakini asiyechagua mti, huyo si mchongaji." Akapumzika kidogo. "Sasa hiyo nzito, mimi itanipita?"

Kwenye jubilei, mke humlisha mumewe keki mbele za watu, na mzee huyu hakuwahi kuonja keki ya binti yake hata siku moja. Alipokuwa mzima alizikataa kwa utani, akisema vitamu ni vya watoto. Leo alikuwa anaomba. Levina alitoka nje, akalia nyuma ya jiko mpaka kichwa kikamuuma.

Aliporudi mjini akaanza kutafuta keki ambayo koo lile lisingeikataa. Ya nazi ilikuwa na machicha, akaiweka kando. Ya chungwa ilikuwa na uchachu ambao ungemchoma mzee. Mwishowe akachukua sponji ya vanila tupu, akailowesha kwa maziwa ya moto hadi ikawa laini kama uji uliosimama. Akauchonga mtumbwi kwa keki ya ndizi, akaufukua sehemu ya nyuma, akaijaza ile laini ndani, kisha akafunika kote kwa ganda la sukari. Kafi akailaza pale pale nyuma.

Mama yake, Paulina, alikuwa na mtoto wa jicho na haoni vizuri. Asubuhi ya jubilei Levina alimshika mkono akamwelekeza. "Mama, kata mwisho wa mkono wako wa kulia. Hapo ndipo pa baba."

"Wa kulia," mama akarudia. "Nimesikia, mwanangu."

Keki ilikuwa imefika na bajaji, nzima, haina hata ufa. Levina akaenda kuvaa sare ya kitenge. Mipango si matumizi, jamani. Akiwa huko ndani, akafika Mzee Kelestini, aliyechonga na Fransisko tangu ujana wao. Akautazama mtumbwi pale mezani, akaguna. Pua ya mtumbwi ilikuwa inaelekea nyumbani, na kwa wachongaji wale mtumbwi unaotazama nyumba huja kumchukua mtu.

"Nani kaweka hivi? Na mwenzangu anaumwa!" Akawaita vijana wawili wakaigeuza meza, pua ikaelekea mtoni. Alifanya kwa mapenzi, na hakuna wa kumlaumu.

Levina alitoka wakati mshereheshaji keshaanza kuhesabu. Akaiona kafi iko upande wa kushoto, na kisu cha mama kikizama kulia, kwenye pua. "Mama! Siyo hapo!" akapaza sauti, lakini muziki ukaimeza. Mama akapapasa mdomo wa mumewe, akaweka kipande. Vigelegele vikapigwa. Anselim akamsukuma mpiga picha asogee.

Mzee akafunga mdomo. Taya halikusogea. Akamtafuta Levina kwa macho katikati ya watu, akamwinulia dole gumba.

Levina akajipenyeza mbele ili amchukulie ile laini, lakini wagawaji walikuwa wameshaifikia. Mmoja wao alikuwa ameonja akakunja uso. "Hii haijaiva," alisema, akaikwangua yote na kuwamwagia kuku. Levina aliwakuta kuku wanamalizia. Alitamani kuwanyonga mmoja mmoja.

Wageni walipopungua akaenda kupiga magoti kando ya kiti cha baba.

"Nimekula," mzee akanong'ona. "Umechagua mti mzuri."

Levina akamwamini, kwa kuwa alihitaji sana kumwamini.

Mzee hakuimaliza wiki ile. Mama akasema avikwe koti lake la jubilei. Levina alipolikung'uta akahisi kitu mfukoni, akatoa leso iliyofungwa fundo. Ndani yake kilikuwamo kipande cha keki ya ndizi. Upande mmoja sukari ilikuwa imelambwa ikaisha. Kwingine kote hakikuwa na alama ya jino. Hakikuwa kimepukutika hata kidogo, na pembe zake zilikuwa zimesimama vilevile kisu kilivyoziacha.